Wa Mwisho Kwenye Orodha

Tundu la kumi na saba la swichi ya mtandao liliwaka taa ya kijani, na ndani yake hamkuwa na waya.

Wahyono, fundi wa mitandao wa hospitali moja ndogo ya Semarang, alicheka. "We swichi, umeme huo unampa nani?" Kompyuta ikamwonyesha: wati kumi na tano. Swichi ile, kisanduku cha kugawa mtandao, ililisha umeme kengele za vyumba tisa vya wagonjwa kwa waya zile zile za mtandao. Kila kengele huomba kiasi chake, nayo swichi hugawa. Umeme usipotosha, huzima kuanzia chini ya orodha. Orodha aliipanga Wahyono mwenyewe. Chumba cha tisa, alimolazwa mama yake aliyefungwa ulimi na kiharusi, alikiweka mwisho kabisa, watu wasije wakasema anapendelea wa kwao. Aibu gani hiyo ya kijinga!

Ijumaa adhuhuri chumba cha mitambo kikanuka nywele zilizoungua. Tundu lile likaomba wati thelathini, na umeme haukutosha tena.

"Kaka Wahyo!" Nesi Lestari alikuja mbio, ananong'ona. "Mama yako kapaliwa, nimemkuta kabadilika rangi! Kidole kimevimba kwa kubonyeza kengele, na kengele imekufa!"

Walimwahi. Wahyono akarudi akauchomoa ukutani waya wa umeme wa swichi. Taa zote zikazimika, isipokuwa ya kumi na saba. Akaurudisha, akamwita Mzee Kasan, mganga wa majini.

Mzee akanyunyiza chumvi, akasoma, na kila alivyozidi kusoma ndivyo harufu ilivyozidi, kuta zikanguruma, jasho likamtiririka mpaka kwenye kanzu, hata sauti kavu ya kike ikatoka kwenye simu ya mezani ambayo hakuna aliyeinyanyua.

"Sikuiba. Niliomba, nikapewa. Wa mwisho kwenye orodha ni wangu. Nipeni, nitoke."

"Mwanangu," Mzee Kasan alisema kwa sauti ya chini, "huyu hatoki mikono mitupu. Kisomo changu kimegota."

Wahyono akaketi kwenye kompyuta, akampandisha mama yake juu kabisa. Wa mwisho sasa akawa wa chumba cha nane, Tumirah, aliyejifungua jana. Asubuhi ile ile mumewe alikuwa amemgawia Wahyono wali wa sherehe.

"Kaka, usifanye!" Lestari alimshika mkono. "Nane kuna mzazi!"

"Niache! Angekuwa mama yako je?"

Akabonyeza. Taa ikazimika, harufu ikakatika papo hapo. Mzee Kasan akaokota kandambili zake, akaondoka bila kuaga.

Kengele ya tisa ikalia. Wahyono akamkuta mama yake mzima, anaonyesha kikombe kwa macho. Akamtia mkono shingoni, akamwinua. Upande wa pili wa ukuta mume wa Tumirah akaanza kupiga mayowe, akimwita nesi, akimwita mkewe kwa jina, akimwita nesi tena.

Wahyono hakugeuka. "Kunywa, mama. Yameisha."

Mama akamtazama, akautazama ukuta, akafumba mdomo. Maji yakamchuruzika kidevuni.