Kilichokuwa Ndani ya Kola

Jua lilikuwa linazama Fundi alipobeba koti la mdogo wake wa kike kumpelekea. Kesho chama kingemtangaza huyo mdogo kuwa mgombea, na koti lilitaka kubanwa kidogo tu. Kazi nyepesi. Lakini alipokuwa akilishona, roho ilimuuma Fundi mpaka sindano ikamchoma kidole.

Miaka yote ni yeye aliyeshona sare za chama, tena mara nyingi kwa asante tupu. Mdogo wake kaja juzi tu na sauti yake. Basi! Akifungua mdomo, ukumbi kimya. Hata mume wa Fundi, bingwa wa kusinzia mikutanoni, siku mdogo mtu alipohutubia alikaa macho kodo. Fundi alimwona, na hakumsamehe.

Mchana huo, kabla hajatoka, alipofumua kola ili ailaze vizuri, kilidondoka kifurushi cha kitambaa chekundu, kidogo kama harage, kimezungushiwa nywele. Kilikuwa na joto. Mwingine angepiga yowe. Fundi alicheka, akakitia kwenye pochi.

Alimkuta mdogo wake sebuleni, peke yake, akijisomea hotuba. Fundi hata hakukaa.

"Jitoe," alisema. "Mpigie mwenyekiti useme umenipisha mimi dada yako. La sivyo, kesho nakianika hiki mbele ya watu."

Akakitoa. Mdogo wake alipauka.

"Dada... umekishika kwa mkono?"

"Usinibabaishe."

"Kiti chukua. Nampigia sasa hivi, haki ya Mungu. Ila nirudishie kwanza, kabla giza halijaingia."

Angeridhika hapo, yangeisha. Lakini kiti kilikuwa hakimtoshi tena. Alitaka amshike mdogo wake pabaya maisha yake yote. Akimwambia kaa, akae, akimwambia simama, asimame.

"Sikurudishii ng'o! Hiki ni changu sasa."

"Usiseme hivyo!" mdogo wake alinong'ona. "Kinasikia. Ukisema ni chako, kinahama na kila kilicho changu, na vyako vina..."

Umeme ukakatika.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kitu kilipita kati yao, taratibu, kikiburuta miguu... Fundi alihisi baridi kooni. Mbele yake alisikia midomo ya mdogo wake ikifunguka na kufungika, ikifunguka na kufungika.

Sauti hakuna.

Alitoka mbio. Alipofumbua kiganja barabarani, kilikuwa kimebaki kitambaa kitupu. Akampigia mwenyekiti, amuwahi kabla mdogo wake hajatunga uongo.

"Mwenyekiti, mgombea wenu anatumia uchawi! Ulikuwa kwenye kola yake, nimeuona kwa macho yangu!"

Mwenyekiti akaguna: "Mgombea, umelewa? Mbona unajishtaki mwenyewe?"

"Mimi siyo mgombea! Mimi ni Fundi!"

"Sauti yako hiyo nani asiyeijua? Na simu ya dada yako umeipata wapi?"

Akakata.

Hapo ndipo Fundi alipojisikia. Sauti tamu, laini, ile ile iliyomkosesha usingizi. Na kusema kweli, kwa muda mfupi alifurahi. Alijiona jukwaani, ukumbi mzima kimya. Kisha woga ukamshika, akakimbilia kwake.

Mtaa mzima ulikuwa giza, na mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga.

"Mume wangu, nifungulie."

"Shemeji?" Mumewe aliongea chini chini nyuma ya mlango. "Umemfanya nini dada yako? Ameingia gizani sasa hivi anahema. Nimemshika mkono hapa."

"Nani uliyemshika? Fungua! Mkeo ni mimi!"

Alisikia komeo la pili likisukumwa.

"Nenda, shemeji," mumewe alisema. "Mke wangu anatetemeka, na tangu afike hajasema neno."