Mstari wa Sista Khavere

Alhamisi saa kumi na mbili jioni, Muhonja alibisha geti la zahanati moja ya uzazi huko Buruburu, mkoba wa laptopu begani. Stima ilikuwa imepotea mara mbili mchana huo, ikarudi kwa kishindo, na hifadhidata ya wagonjwa ikaharibika. Kazi kama hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi. Alitarajia kufika kwake Ziwani kabla chakula hakijapoa.

"Fanya haraka, msichana wangu," alisema Sista Kezia, mwenye zahanati. "Kuna mama leba, anaitwa Waringa. Presha imepanda, hawezi hata kuongea. Dawa zinazomdhuru zimeandikwa humo kwa mashine."

Chumba cha seva kilikuwa stoo zamani. Hakikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa wa chuma. Muhonja alipoketi tu, akasikia kufuli ikigeuzwa kwa nje.

"Wezi wamezidi hapa mtaani," Kezia alisema kutoka upande wa pili. "Ukimaliza niite."

Muhonja akaanza na bakapu ya Jumapili, ile nakala ya akiba. Ikarudi salama. Ilibaki logi, yaani ile faili ambamo mashine huandika kila kinachoingizwa na kila kinachofutwa, kimoja baada ya kingine. Akiipitisha upya, siku zilizopotea zingerudi.

Jumatatu ikapita.

Jumanne... ikakwama.

Akajaribu tena. Ikakwama palepale. Akaufungua mstari wenyewe aone una nini, na vinyweleo vikamsimama.

Mwandishi: Khavere.

Khavere alikuwa nesi wa hapo. Alikufa ghafla, akazikwa kwao Vihiga Jumamosi iliyopita. Jina lake kwenye mfumo, Muhonja alikuwa amelifuta kwa mikono yake Ijumaa. Sasa Jumanne nani aliandika?

Akajiambia ni hitilafu tu. Akaandika amri ya kuuruka mstari ule.

Taa ikazimika.

Kioo cha kompyuta peke yake kiliendelea kuwaka. Chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi, udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Kisha, nyuma yake, viatu vya raba kwenye sakafu...

Kwi. Kwi. Kwi.

Vikasimama.

"Dada..." Sauti ilikuwa karibu kabisa na sikio lake. "Usiniruke."

Muhonja aliurukia mlango, akaugonga kwa ngumi mbili. "Sista! Nifungulie! Kuna mtu humu!"

Kezia akauliza, polepole, "Umefika Jumanne?"

Muhonja akaacha kugonga. Hakuwa amemwambia neno kuhusu Jumanne.

"Ruka hiyo," Kezia alinong'ona kwenye tundu la kufuli. "Niliifuta jana, imerudi kwa nini? Ruka, nikufungulie. Waringa anakufa, mama!"

Hapo ndipo Muhonja alipousoma mstari wote.

*Mgonjwa wetu Idil hakufa kwa uzazi. Sista Kezia alimdunga dawa iliyokatazwa kwenye kadi yake. Akaniambia ninyamaze.*

Mbele yake, mwenye ufunguo. Nyuma yake, pumzi baridi shingoni, inangoja. Hakuwa na pa kwenda. Akarudi kwenye kiti, akaiagiza mashine ipitishe logi hadi Jumanne usiku, mstari ule ukiwemo, na isimame hapo, kabla ya kufika pale Kezia alipofuta.

Akabonyeza.

Safari hii haikukwama. Majina yakateremka kwenye kioo, mama baada ya mama. Idil akarudi. Waringa akarudi.

"Penisilini!" Muhonja alipiga kelele. "Waringa asipewe penisilini!"

Kufuli ikalia, mlango ukafunguka wenyewe. Kezia alikuwa amesimama mbali, mgongo ukutani, ufunguo ungali shingoni mwake. Hakumtazama Muhonja. Alitazama juu ya bega lake.

"Umemrudisha," alisema.

Nesi wa zamu alikuwa amesikia lile jina la dawa. Akaitupa sindano aliyoishika, akachukua nyingine. Waringa alipona.

Jumamosi Kezia alijipeleka mwenyewe polisi, akaeleza yote kuhusu Idil. Kuhusu kifo cha Khavere hajasema neno mpaka leo. Wanasema selini huwa anaomba ahamishwe. Anadai sakafu ile ina kelele za viatu.

Muhonja naye alikuwa ameinakili ile logi kwenye laptopu yake, iwe ushahidi. Laptopu haijaunganishwa popote. Iko juu ya kabati, imezimwa. Lakini kila jioni akiiwasha kutazama, faili imeongezeka mstari mmoja.

Hajaifungua kusoma.

Kuifuta, hathubutu.