Muuguzaji wa Laitoni

Jua lilikuwa linazama upande wa Msumbiji Malita alipotoka kwenda kwa wifi yake Falesi kuomba kaa la moto. Kiberiti kilikuwa kimeisha tangu asubuhi, na hakuwa na nguvu ya kufika dukani. Tangu saratani imlaze mumewe Laitoni, siku zake zote zilikuwa za namna hiyo: kufua mashuka, kusaga mahindi, kumgeuza mtu mzima kama gunia la viazi, halafu kuanza upya.

Alirudi na kaa kwenye kigae. Mlangoni akasimama.

Mwiko.

Mwiko ulikuwa unakwangua sufuria, ndani, polepole... kwaru... kwaru... Mtu alikuwa anasonga sima nyumbani kwake, na moto alikuwa ameushika yeye.

Akasukuma mlango. Sauti ikakoma. Mafiga yalikuwa ya baridi, sufuria imefunikwa kama alivyoiacha. Lakini chumbani kwa mgonjwa kulinuka dawa ya kuoshea sakafu, ile ya wodini, na Laitoni alikuwa amegeuzwa, shuka limenyooshwa, pembe zake zimekunjwa vizuri. Malita hakuwa na muda wa kukunja pembe.

"Nani kakugeuza?"

"Enelesi," akasema Laitoni.

Alilitamka jina lile taratibu, kama mtu anayemung'unya kitu kitamu asichotaka kiishe.

Enelesi alikuwa mkewe wa kwanza. Alifia hospitali ya wilaya, zamani, kabla Malita hajaolewa. Malita alikuwa amemzalia Laitoni watoto wanne, sasa wote wako kwa bibi yao, na hata siku moja mwanamume huyu hakuwahi kulitamka jina lake hivyo.

Ni dawa, alijiambia. Morfini humfanya mtu aone mambo. Lakini kitu kilimchoma kifuani, na hakikuwa hofu.

Pikipiki ilinguruma uani. Alikuwa Sista Tawonga, nesi wa tiba shufaa, wale wanaowazungukia majumbani wagonjwa wasiotazamiwa kupona ili angalau wasiteseke.

"Samahani, mama, nimechelewa. Tairi limenifia kule Lizulu."

"Ingia tu, Sista. Sisi tuko hapahapa, tutaenda wapi?"

Malita akakoka moto kwanza. Alipoingia chumbani, Sista alikuwa ameshawasha kishikwambi chake na mwanga wake ulikuwa unamwangaza Laitoni usoni.

"Maumivu, baba? Nionyeshe kwa mkono."

Ngumi ni hakuna maumivu. Vidole vitano ni yale yasiyovumilika. Wiki iliyopita Laitoni alifungua vidole vyote huku analia. Leo akafumba ngumi.

"Haa! Mama, unamtunza huyu!" Sista akabonyeza. "Sasa baba, mfumo mpya unataka jina la muuguzaji wako. Mmoja tu, na umtaje mwenyewe."

"Enelesi."

Sista akaandika. Alikuwa mtu wa kaskazini, aliyehamia juzijuzi. "Ni binti yenu?"

"Ni marehemu," akasema Malita.

Kidole cha Sista kikabaki hewani.

"Pole, mama. Wengi wakifika hapa huwaita waliotangulia. Ngoja ninawe nipime dawa, kisha tuongee naye taratibu. Akikubali, nitabadilisha. Mgonjwa ndiye anayechagua."

"Na mimi ninayefua mavi yake, nachagua nini?"

"Najua, mama. Najua." Akatoka na kata ya maji.

Kishikwambi kilibaki juu ya kigoda, kikiwaka. Malita alifika kidato cha pili, kusoma hakumsumbui. *Muuguzaji: Enelesi.* Miezi yote ile ya kukesha, mgongo unamuuma, na sifa amepewa mwanamke ambaye mikono yake imeoza.

Akalifuta. Herufi moja moja, kama anang'oa magugu. Akaandika lake. Kifaa kikamuuliza kama ana uhakika.

Akabonyeza ndiyo.

Mtu akashusha pumzi nyuma ya sikio lake.

Pumzi ndefu... ya mtu anayetua mzigo.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Harufu ya wodi ilikuwa imetoweka, na kitandani Laitoni alifungua macho akapiga ukelele uliomfanya Sista aangushe kata. Ngumi yake ilifunguka kidole kwa kidole, hadi vyote vitano.

"Sasa hivi tu alikuwa hana maumivu!" Sista alikuwa anavuta morfini kwenye bomba la dawa. Akamnywesha. Wakasubiri. Kilio kikashuka, kikawa mgumio. Ndipo alipoliona jina kwenye kishikwambi.

"Mama... ni wewe?"

"Nimerekebisha."

Sista alimtazama kidogo, akakifunga kifaa. Taa ya pikipiki ilikuwa mbovu na giza lilikuwa linaingia. "Kesho asubuhi nitapita. Tutaongea naye, mama. Usimkasirikie mgonjwa."

Pikipiki ya Sista haijapotelea mbali, Falesi akaja na bakuli la majani ya maboga. Malita akamsimulia yote, huku anatwanga karanga kwa hasira.

"Umemfukuza marehemu kwa kidole?" Falesi alicheka hadi akashika kiuno. "Wifi, wewe kiboko! Wenzio wanakwenda kwa waganga!"

"Cheka tu. Angekuwa mumeo usingecheka."

"Haya, na pale ukaandika nani?"

"Mimi. Nani tena?"

Falesi akaacha kucheka. Akaweka bakuli chini.

"Sikiliza. Enelesi alipolazwa, kaka ndiye aliyemuuguza. Mwanamume mzima, anasonga sima kwenye banda la wauguzaji pamoja na wanawake, wanamcheka. Enelesi akamwambia mbele yangu: zamu yako ikifika nitakuja, sitakuacha uende peke yako."

"Aende wapi?"

"Malita. Hujawahi kuuguza hospitali? Mgonjwa akihamishwa wodi, muuguzaji anabeba sufuria anafuata. Akipelekwa hospitali kubwa ya Blantyre, anapanda naye gari. Haulizwi kama anataka." Akapunguza sauti. "Na kaka sasa anapelekwa."

Ukuni ulialika motoni.

"Malita..."

Ilitoka chumbani. Laini. Tamu. Sauti ileile aliyoitamani miaka yote.

"Malita, mke wangu. Beba sufuria. Twende."

Miguu yake ilikwenda yenyewe. Alijua, na bado ilikwenda, kwa sababu alikuwa ameitwa hivyo. Laitoni akamshika kiganja cha mkono. Mkono usioweza kuinua kikombe ulimbana kama mtego.

Baridi ikampanda hadi bega. Laitoni akavuta pumzi, na kifua cha Malita kikapanda. Laitoni akaitoa. Cha Malita kikashuka. Kisha Laitoni akakaa bila kuvuta nyingine...

Na Malita hakuweza kuvuta yake.

"Mrudishie Enelesi!" Falesi alikuwa anamvuta kanga, analia. "Mwite mwenye mgonjwa! Watoto wako, Malita!"

Aliwaona watoto wanne wamejipanga kwenye mkeka wa bibi yao. Aliwaona vizuri. Lakini hata pale, masikio yakivuma na macho yakiingia giza, wivu ulimshika ulimi. Alitaje jina lile? Ampe? Amkabidhi kwa mkono wake mwenyewe mwanamume ambaye yeye Malita amemfulia, amembeba, na ambaye leo ndiyo kwanza amemwita mke wangu?

Laitoni akavuta pumzi nyingine, ndogo. Malita akaipata nusu yake.

"Enelesi," akanong'ona. "Njoo... umchukue mgonjwa wako."

Jikoni, mwiko ukagonga ukingo wa sufuria.

Mkono ukaachia. Malita akaanguka chini, akikohoa, akivuta hewa kwa mdomo. Juu yake, kitandani, mtu ambaye kwa miezi hakuweza kujigeuza alikuwa anajisogeza. Alijisogeza mwenyewe hadi ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Akaitazama nafasi ile na kutabasamu. Malita aliishi naye miaka kumi na minne, na tabasamu lile hakuwahi kuliona.

Akafa akiwa hivyo.

Falesi akatoka mbio kwenda kuwaita majirani, na kilio chake kikashuka na njia. Malita akabaki peke yake na maiti. Alikuwa hai. Alipaswa kushukuru. Akaweka kiganja kwenye ile nafasi tupu.

Ilikuwa ya moto.

Hakulia. Alifunga kanga vizuri, akapanda kitandani, akajilaza palepale penye joto, akajaza nafasi yote kwa mabega na makalio. Akamfumba mumewe macho.

"Mpaka waje kukuosha," akamwambia, "uko na mimi."

Nyuma yake godoro likabonyea.

Na mtu akaanza kumsukuma, taratibu, bila ugomvi, kama anavyoondolewa mgeni aliyekalia kitanda cha wenyewe.