Kopo la Chai la Bibi Mdachi

Nyumba ya Yahaya ilianza kunuka chai. Haikuwa harufu mbaya, na mtu mwingine angeifurahia. Lakini katika tembe lile, nje kidogo ya Kondoa, hakuna aliyewahi kuchemsha chai. Wao walikunywa uji wa uwele na maziwa ya mgando. Chai ilikuwa kinywaji cha Wadachi, wale Wajerumani wa bomani.

Mwajabu, mke wa Yahaya, aliinusa mara ya kwanza wakati wa alasiri akiwa ananyonyesha. Mtoto wake Rajabu alikuwa mchanga bado, na kila akiona njaa alishikwa na kwikwi kabla ya kulia. Siku hiyo aliachia ziwa, akageuza uso ukutani, akatulia kama mtu anayeitwa.

Ukutani, ndani ya shubaka, palikuwa na kopo la chai. Lilikuwa la udongo uliochomwa, si la bati, nalo lilipakwa rangi kwa mkono. Lilizungukwa na maua ya buluu, na katikati yao mwanamke mweupe alikaa kitini, amekunja mikono kifuani kama aliyepakata kitu. Hakupakata kitu.

Yahaya alilipata kwa bibi Mdachi wa bomani, ambaye yeye alikuwa mpishi wake. Bibi huyo hakuwa na mtoto, na alipoamua kurudi kwao aligawa vyombo vyake vyote. Kopo alilitoa mwisho. Alimwekea Yahaya mikononi bila kumtazama, kisha akaingia ndani upesi. Baada ya hapo Yahaya alimsindikiza na mizigo yake hadi Dodoma, kwenye treni. Majirani wakapata la kusema. Kila wakipita walimwuliza Mwajabu, "Bibi Mdachi, chai lini?" naye alicheka huku akificha uso kwa khanga.

Yahaya alikuwa bado safarini kitovu cha Rajabu kilipodondoka. Kwa desturi yao baba ndiye anayekizika, uani kwa babu, na hapo ndipo mtu anapopaita kwao maisha yake yote. Mwajabu alikifunga kwa uzi mwekundu ili amngoje mumewe. Lakini nyumba ilikuwa na panya, na watu walisema kitovu kikiliwa na panya mtoto hukua mwizi. Akatafuta chombo chenye kifuniko kinachobana. Kilikuwa kimoja tu, lile kopo, naye akakitia humo.

Harufu ilianza siku hiyo hiyo. Ikarudi kila alasiri, saa ambayo yule bibi alikuwa akinywa chai yake. Kisha ukaja mlio wa kijiko kikikoroga kikombe, taratibu, nyuma ya kifuniko. Rajabu akakataa ziwa saa ile, halafu akalikataa saa zote. Akakonda hadi ngozi ya mapaja ikakunjamana, na Mwajabu alipomsogelea kumbusu alisikia kinywa chake kikinuka chai.

Yahaya aliporudi alimkuta mama yake, Bibi Swaumu, amempakata mtoto. Bibi Swaumu aliuliza kitovu kiliwekwa wapi. Mwajabu akaonyesha kopo kwa kidevu.

"Mwanangu," Bibi Swaumu alisema polepole, "umempa mtoto kwao kwingine."

Wakamwita Mwalimu Shaaban, aliyesomea watu wenye mashetani. Mwalimu alimtazama mtoto, akalitazama kopo kwa muda mrefu zaidi. Alisema jini lililomo lilikuwa limekaa muda mrefu bila mtoto, na sasa limepewa. Kitovu kitolewe, kizikwe kwa babu yake kabla ya magharibi, na mtoto atarudi. Kisipozikwa, hataiona magharibi.

Alisoma, akalitemea kopo mate ya dua, na alasiri ilipoingia na kijiko kikaanza kukoroga, safari hii kwa haraka kama mkono wa mtu aliyekasirika, Yahaya akalishika kopo kwa mikono miwili na Mwalimu akakizungusha kifuniko, nacho kikakataa, kikakataa, kisha kikaachia chenyewe, na harufu ya chai ikawapiga usoni, na Mwajabu akiinama na taa ya mafuta aliona kitovu, na chini yake kitovu kingine, na kingine, vikavu, vimelala pamoja kama maharage, na kila kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwa fundo lake yeye.

Mwalimu aliurudisha mkono wake.

"Cha kwetu kipi?" Yahaya alinong'ona.

"Mama yake ndiye achague. Achague kimoja tu. Mwili ni mmoja, mkivizika vyote watagombana ndani yake."

"Na nikikosea?" Mwajabu aliuliza.

"Utakuwa umemkaribisha mtoto wa mtu mwingine."

Jua lilikuwa linashuka, na mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mbali. Mwajabu akafumba macho, akachukua kimoja.

Walikizika. Kabla ya magharibi mtoto alilishika ziwa akanyonya hadi akalala. Yahaya alilia hadharani bila kuona haya, na kesho yake akachinja mbuzi. Majirani wakala, wakamsifu Mwalimu.

Mtoto akanenepa. Lakini alinyonya macho wazi, akimtazama Mwajabu kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba. Akiitwa Rajabu hageuki. Na hakushikwa tena na kwikwi.

Kwikwi ilikuwa ndani ya kopo. Mwajabu aliisikia alasiri moja, ndogo, ile ile. Alimwambia mumewe. Yahaya alijibu kwamba mtoto amepona na asilete tena maneno, na kwamba kopo atalipasua. Mwajabu akamshika miguu, akamsihi asiliguse. Mwalimu Shaaban alipoitwa mara ya pili alituma salamu tu.

Siku moja, watu walipokwenda shambani, Mwajabu alimlaza yule mtoto mnene mkekani. Akalipakata kopo, akakifungua kifuniko, akaminya ziwa lake juu ya giza lile. Maziwa yakadondoka bila mlio wa kugusa chini. Kwikwi ikanyamaza.

Kisha ikaanza kwikwi nyingine, si ya mwanawe. Ikafuata nyingine, na nyingine, hadi kopo likawa linatetemeka mapajani mwake. Wote walikuwa na njaa, na ziwa lake la pili nalo lilikuwa limekwisha maziwa.