Akiru na Multimita ya Bei Nafuu

Asubuhi mtaani Bulla Pesa huanza kwa kelele. Majogoo huwika, redio za majirani hunguruma, mitungi ya maji huburutwa uani. Akiru ni mshonaji, lakini kabla ya kugusa cherehani huchungulia kwanza sanduku lake la mbao. Alilitengeneza kwa mikono yake. Ndani mna taa ndogo za kutoa joto, zinazowaka kwa betri ya sola, na chini ya taa mna mayai ya kuku wa kienyeji. Ni mashine ya kuangulia mayai! Hakuna aliyemtuma. Anapenda tu mambo ya umeme, kama wengine wanavyopenda mpira.

Siku hiyo alifunua kifuniko akashtuka. Taa zilikuwa hafifu mno. Mayai yalikuwa yamebakiza siku chache tu kuanguliwa. Yakipoa, vifaranga watafia ndani.

Akiru alichukua multimita yake, kifaa cha kupimia umeme alichonunua kwa bei nafuu sokoni. Akagusisha ncha zake mbili kwenye betri. Kioo kikaonyesha volti kumi na tatu, na pembeni picha ndogo ya betri.

"Betri imejaa," alisema. "Taa ndizo zimeharibika."

Akabadilisha taa. Zikawaka hafifu vilevile. Akabadilisha waya zake. Wapi!

Mumewe, Lomuria, alikuwa mlangoni akinywa chai. "Nilikuambia, Mama Natabo. Hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Multimita ya kweli ni ile ya njano, ile inakaa dukani ndani ya kabati ya kioo."

"Ile ni bei ya mbuzi mzima!"

"Basi mbuzi aende." Akaanza kumfungua mbuzi wao wa maziwa.

"Na kesho chai utakunywa na nini?"

"Turungi! Kwani chai bila maziwa inaua?"

Jirani yao Ikra, fundi wa sola, alikuwa akitoka na mkoba wake kwenda kazini. "Habari za asubuhi, Mama Natabo? Shemeji, mbuzi anasafiri wapi mapema hivi?"

Akiru akamweleza yote. Ikra alitoa multimita yake ya bei ghali, akapima betri ileile. "Mama, betri hii ina njaa. Haifiki hata volti kumi na moja."

"Si nilisema?" Lomuria akaruka. "Hiyo ya bei rahisi ni mwongo!"

"Pole pole, shemeji." Ikra aliinua multimita ya Akiru. "Hii picha ya betri hapa pembeni, wewe unaielewaje?"

"Inasema napima betri."

Ikra alicheka mpaka akashika mbavu. "La, dada yangu! Inalia njaa. Betri ndogo iliyo ndani ya multimita yenyewe imeisha. Ikiisha, kifaa kinaanza kudanganya. Kinaongeza namba."

Akiru alikimbia kioskini akanunua betri mpya. Akafungua mgongo wa multimita, akaiweka, akapima tena. Picha ilikuwa imepotea, na namba zikakaribiana na zile za Ikra.

"Zinasema kitu kimoja!" Akiru alipiga kelele.

"Sasa weka dumu la maji moto katikati ya mayai, ufunike na blanketi. Halafu tutafute kwa nini betri haijazwi."

Akiru alipima waya unaotoka kwenye paneli ya sola juu ya paa. Juu umeme ulikuwepo. Chini hapakuwa na kitu. Ukingo wa bati ulikuwa umeukata waya. Akauunga mwenyewe na kuufunga vizuri.

"Basi ile ya njano ni ya nini?" Lomuria aliuliza. Akachukua multimita ya Akiru, akaielekeza kwenye soketi ya ukutani.

"Weka chini!" Ikra alimpiga kofi mkononi. "Umeme wa ukutani unaua. Ile ya njano, kama hii yangu, ni ghali kwa sababu ina fyuzi imara na waya zenye kinga nzuri. Mimi kazi yangu ni mitambo mikubwa, na nikikosea, inanikinga. Hii haina kinga hiyo, hata kama imeandikwa inapima umeme huo. Lakini kwa betri, sola ndogo, redio na tochi, inamtosha mkeo kabisa. Kabla ya kununua, jiulize: nitapima nini?"

Lomuria alisugua mkono wake, akaenda kumfunga mbuzi.

Jioni taa ziling'aa. Kila asubuhi Akiru alitazama kwanza pembeni mwa kioo, akaona hakuna picha, ndipo akaamini namba. Kisha siku moja yai la kwanza likapasuka. La pili likafuata. Kufika adhuhuri, sanduku lilijaa vifaranga waliolowa, wakilia.

Lomuria alitoka mbio uani. "Njooni muone! Mke wangu ameangua vifaranga kwa jua!"

Majirani wakajaa. Lomuria akavimba kifua. "Ana multimita! Leteni chochote, atawapimia hata soketi!"

"Soketi mpelekeeni Ikra," Akiru alisema, kifaranga amekaa kiganjani mwake. "Mimi nileteeni redio, tochi na betri za sola. Na mlango mfunge taratibu, watoto wangu wanasikia baridi."