Saa Iliyolazwa Kifudifudi

Hebu fikiria chumba kidogo, mchana wa jua kali. Pazia limeshushwa, kwa sababu mwenye chumba ni mlinzi wa usiku, na mchana ndio usiku wake. Amelala chali. Mezani, karibu na kichwa chake, iko saa ya mkono aliyoiokota kwenye ghala analolinda. Nayo imelala chali, uso juu. Mkewe ameketi mlangoni anashona kifungo. Mara sindano inasimama mkononi. Mlio wa saa na pumzi za mumewe vinakwenda pamoja.

Tena saa ile ilikuwa inakimbia.

"Tangu nikuoe, hata saa ina haraka ya kurudi nyumbani," mlinzi alitania.

Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka. Kadiri saa ilivyokimbia, ndivyo mumewe alivyokimbia nayo. Alilala amenyoa, akaamka na ndevu za mwezi. Mvi zilimtoka masikioni, mashati yakaanza kumpwaya. Na hakuna aliyeitia saa ile ufunguo hata mara moja.

Mke akaishusha kwa fundi saa, mwenye kibanda chini ya dirisha lao. Fundi alichomeka ncha ya kisu kwenye mfuniko wa nyuma, ukainuka kiasi cha unene wa ukucha. Ikatoka harufu ya nywele zilizoungua, na ndani ya saa kitu kikavuta pumzi. Juu, dirishani, mlinzi alikoroma kama mtu anayekabwa koo. Fundi akaubana mfuniko kwa viganja viwili.

"Shemeji," alinong'ona, "hii haifunguliwi. Ina mwenyewe."

"Niitupe?"

"Utatupa na pumzi za mumeo. Si umezisikia?"

"Basi nifanyeje, fundi? Ananiishia mikononi."

Fundi alifuta jasho. "Mimi naganga saa, majini siyawezi. Ila saa ya namna hii hurekebishwa bila kufunguliwa. Inapopumzika, ibadilishie ulalo. Hii yako ikiwa chali hukimbia. Jaribu ubavu, jaribu kifudifudi. Kila saa ina ulalo inaotulia."

Mchana uliofuata mke aliisimamisha kwa ubavu, akaiegemeza kwenye kikombe. Ikapunguza mbio. Aligeuka amwambie mumewe, akamkuta amelala ubavu, uso ukutani, ilhali sasa hivi alikuwa chali, na kitanda kile kibovu hakikulia.

Angeishia hapo. Lakini mbio zilikuwa zimepungua tu, hazijakoma, na mvi zilikuwa zimefika utosini. Akailaza kifudifudi.

Saa ikatulia. Akailinganisha na redio ya jirani, haikupishana nayo hata kidogo, na furaha ikampanda mpaka aliposikia nyuma yake shuka likiburuzika taratibu, akageuka na kumwona mumewe amezamisha uso wote kwenye mto, mikono imenyooka ubavuni kama ya mtu aliyepangwa na mtu mwingine, na alipokishika kichwa chake akinyanyue kilikuwa kigumu kama kigogo, na alipokimbilia meza aigeuze saa ilikuwa nzito, imeng'ang'ania ubao kama iliyogongomewa misumari, huku harufu ya nywele zilizoungua ikijaa chumbani na mlio wa saa ukiendelea, tulivu, sahihi, bila pumzi yoyote ya kufuatana nao.

Fundi alipopanda, alimkuta mke amekaa sakafuni.

"Sasa haikimbii tena, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Umeirekebisha."

Fundi aliifunika saa kwa kitambaa, kwa sababu haikubanduka.

Walimzika mlinzi. Siku moja baada ya wageni kuondoka, mkewe alijilaza kidogo, chali, macho darini. Alipozinduka alikuwa kifudifudi, mdomo umebanwa na mto, na kifua chake kikipanda na kushuka kwa mlio uliotoka chini ya kitambaa.

Nawe, mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukiikuta saa njiani, imelala peke yake na bado inatembea, usiiokote. Jiulize kwanza ni nani anayeitia ufunguo.