Fundi wa Makochi wa Nengo na Tangazo Lake

Kila asubuhi baada ya chai, Faradji na mke wake Uwineza hufungua karakana yao katika mtaa wa Nengo, mjini Gisenyi. Faradji ni fundi wa makochi. Kochi likichakaa, yeye huvua kitambaa cha zamani, hukaza mbao na kubadilisha sponji. Uwineza hukata kitambaa kipya na kukishona. Baba yake Faradji alifanya kazi hiyo hiyo hapa mjini. Wazee wengi bado humwita Faradji "mtoto wa fundi", ingawa ana miaka arobaini na miwili.

Zamani karakana ilikuwa kando ya barabara ya kwenda sokoni. Mtu akipita aliona makochi yamepangwa nje. Aliuliza bei, kisha akarudi na kochi lake. Mwaka jana mwenye jengo alilibomoa ili ajenge ghorofa. Faradji na Uwineza wakahamishia kazi nyuma ya nyumba yao, ndani ya kichochoro. Wakaacha kulipa kodi. Lakini wateja nao wakaacha kuja.

Siku moja, baada ya siku kumi na mbili bila kazi, Uwineza alikuwa anasafisha cherehani aliyoisafisha jana yake. Simu ya Faradji ililia. Alikuwa Rugwiro, mtoto wa baba yake mdogo, anayeishi Kigali.

Faradji alisikiliza muda mrefu. Alipokata simu, alikaa juu ya gogo la kukatia mbao.

"Kule Kigali iko kiwanda cha viti," alimwambia mke wake. "Banatafuta mafundi. Rugwiro alitaja jina yangu. Banataka jibu mbele ya mwisho wa mwezi."

"Na we unasema nini?"

"Mi naona niende. Kule iko mushahara."

"Na mi? Na Ganza?"

Ganza ni binti yao. Yuko darasa la sita.

"Nitakuwa narudi kila mwezi," Faradji alisema.

Uwineza alichukua kitambaa akaanza tena kuipangusa cherehani.

Faradji hakupenda kuondoka bila kujaribu. Alikuwa amesikia watu sokoni wakisema kwamba biashara siku hizi iko kwenye simu. Usiku huo huo alifungua ukurasa wa Facebook. Akatafuta picha nzuri ya kochi kwenye mtandao. Alipata kochi la rangi ya dhahabu, lenye miguu ya kung'aa. Akaliweka, akaandika: "Makochi mazuri sana. Karibuni wote." Kisha akalipia tangazo kwa kadi yake ya benki. Simu ilipomuuliza tangazo lionekane wapi, alichagua Rwanda nzima, Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi.

"Macho mengi, wateja mengi," alimwambia Uwineza.

Asubuhi alipiga kelele ya furaha. "Mama Ganza! Watu mia ine bamependa kochi yetu!"

Simu zikaanza kuingia. Mtu wa kwanza aliuliza kama kochi linaweza kuletwa Dodoma. Wa pili alikuwa Mombasa. Wa tatu hakutaka kochi, alitaka kuuza mbao. Ujumbe uliendelea siku tatu mfululizo, mpaka tangazo likaisha. Faradji aliwajibu watu hadi kidole gumba kikamuuma.

Ni mteja mmoja tu aliyefika. Jina lake Akaliza, muuguzi anayeishi mtaa wa jirani. Alikuwa ametafuta kichochoro nusu saa.

"Kochi la dhahabu liko wapi?" aliuliza.

Faradji alijikuna kichwa. "Ile ni picha tu, dada. Mi natengeneza za watu."

"Kwa hiyo si kazi yako?"

"Hapana."

Akaliza alitazama karakana, akamtazama fundi. Alikuwa mtu mpole na hakugombana. "Mngeweka ya kwenu," alisema, akaenda zake.

Faradji aliona aibu zaidi kuliko kama angetukanwa. "Bon," alimwambia mke wake. "Hii ya simu si ya watu kama sisi. Nitamwambia Rugwiro ndiyo."

"Ngoja Jumapili," Uwineza alisema.

Ijumaa mchana, Faradji akiwa msikitini, Uwineza alitoka kununua uzi. Mbele ya geti la jirani aliona pikapu. Vijana wawili walikuwa wanapakia viti vya kulia chakula, vyote vimechanika vitambaa. Geti hilo ni la Uwamariya, mwanamke mwenye nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita. Uwamariya alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana. Mpaka leo Kiswahili chake ni cha kule.

"Dada, hivi viti vinaenda wapi?" Uwineza aliuliza.

"Musanze. Kuna fundi nimeelekezwa huko. Vinahitaji sponji na vitambaa vipya."

Uwineza aliweka mkono mdomoni. "Yewe! Musanze? Fundi iko hapa! Iko nyuma ya ukuta yako!"

"Fundi gani?"

"Bwana yangu!"

Uwamariya aligeuka akatazama ukuta wa uani kwake, kana kwamba anauona mara ya kwanza. "Kila siku nasikia nyundo," alisema polepole. "Nilidhani mnajenga."

Wakacheka wote wawili, hata vijana wa pikapu. Viti vikashushwa. Lakini kicheko kilipoisha, Uwineza alishika mkono wa jirani yake.

"Dada, Baba Ganza anataka kuenda Kigali. Tuliweka tangazo, watu ya Mombasa bakatuona. We uko hapa karibu, hukutuona. Wageni yako unabapata namna gani?"

"Kwa simu," alisema Uwamariya. "Nitakuja jioni. Nami nilikosea hivyo hivyo mwanzoni."

Jioni Uwamariya alifika karakana. Uwineza alimpa kiti na chai. Faradji alimwonyesha lile tangazo, bila furaha.

"Mzee Faradji," Uwamariya alianza, "niulize kwanza. Mtu mwenye kochi bovu atakubali kulibeba umbali gani?"

Faradji alifikiri. "Kochi ni muzito. Kilomita mbili, tatu. Akiwa na voiture, gari yake, labda kumi."

"Basi mtu wa Dodoma umemlipia bure. Mimi wageni wangu wanatoka Kigali wikendi. Kwa hiyo tangazo langu naliweka Kigali, na naliwasha kuanzia Jumanne, wakati watu wanapanga safari. Silionyeshi hapa Nengo. Mtu wa Nengo ana kitanda chake. Lakini wewe ni kinyume changu. Wewe unamtaka huyu huyu wa hapa."

Alifungua simu, akaonyesha sehemu ya kuchagua mahali. Ramani ilitokea. Aliweka alama juu ya Nengo. Duara likachorwa kuizunguka.

"Duara hili ni la kilomita kumi. Anayeishi ndani yake ataona tangazo. Wa nje hataona."

Faradji alisogea karibu. Aliona ziwa, aliona mji, kisha akanyoosha kidole. "Iko na Goma ndani! Kule iko watu mengi kuliko hapa. Muzuri!"

"Na kochi lao litapita vipi Petite Barrière?"

Faradji alijua vizuri kivuko hicho cha mpaka wa Kongo. Watu hupita na mabeseni ya nyanya na magunia ya vitunguu. Kochi la watu watatu lingehitaji karatasi, ushuru na maelezo mengi, kwenda na kurudi.

"Toa Goma," alisema.

Uwamariya aliitoa. "Ukipata njia nzuri ya kuvusha, utairudisha. Tuanze na tunachokiweza. Sasa, nani mwenye kochi? Mtoto wa miaka kumi na saba?"

"Hapana," alisema Uwineza. "Ni mutu mwenye nyumba yake."

"Basi tuanzie miaka ishirini na mitano. Na lugha?"

"Kinyarwanda kwanza. Halafu Kiswahili kidogo, kwa watu wetu ya mjini."

"Vizuri sana. Sasa picha."

Faradji aliinamisha kichwa. "Picha ndiyo iliniletea haya."

"Utapiga yako. Chukua kiti changu kimoja. Kipige kabla hujakigusa, kisha ukipige kikiwa kimekwisha. Mchana, nje, kwenye mwanga. Mtu akiona kiti kibovu na kiti kizuri ni kile kile, hahitaji maneno mengi."

"Na maneno?" Uwineza aliuliza.

"Mwambie anachotaka kujua. Mnafanya nini. Mko wapi. Bei inaanzia ngapi. Akupate kwa namba gani. Weka kitufe cha WhatsApp, akibonyeza tu aongee na wewe. Na muweke karakana yenu kwenye ramani, asitafute kichochoro nusu saa. Lipeni kidogo kidogo kila siku, wiki moja tu, halafu mtazame. Na jambo moja zaidi. Mkianza kuonekana, kuna watu watawapigia wawaahidi wateja elfu, mradi muwape namba ya siri. Msimpe mtu yeyote namba ya siri, ya simu wala ya kadi. Hata mimi."

Faradji alicheka. "Unasema kama redio, dada."

"Basi nisikilize kama redio. Ujumbe ukija, ujibiwe siku hiyo hiyo."

"Hiyo ni kazi yangu," alisema Uwineza. "Baba Ganza anajibu sana. Mi nitajibu muzuri."

Kiti cha kwanza kilikamilika Jumapili. Uwineza alikipiga picha chini ya anga jeupe, kando ya ukuta wa nyumba. Tangazo lao liliandikwa hivi:

"Kochi lako limechakaa? Usilitupe. Tunabadilisha sponji na kitambaa. Kiti kimoja kuanzia faranga elfu kumi na tano. Karakana ya Faradji, Nengo, nyuma ya nyumba ya wageni ya Uwamariya. Tuandikie WhatsApp."

Jioni ile Rugwiro alipiga simu kutoka Kigali. Faradji alimwomba wiki mbili. Rugwiro hakufurahi, lakini alikubali.

Siku ya kwanza watu sita tu waliupenda ukurasa. Siku ya pili, wanane. Hakuna aliyefika.

"Kwanza ilikuwa mia ine," Faradji alinung'unika. "Sasa munane."

"Lakini hawa munane ni ya hapa," alisema Uwineza. "Na watano bameniandikia. Sikiliza banauliza nini." Alisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliuliza bei ya kochi kubwa. Wanne waliuliza jambo moja: "Mnakuja kulichukua nyumbani?"

Wakatazamana.

"Donc, si bei inabazuia," alisema Faradji. "Ni kubeba."

Alitoka mara hiyo kwenda kwa Cyiza, mwenye pikapu aliyekuwa amekuja kuchukua viti vya Uwamariya. Walikubaliana bei ya kuzunguka mjini. Uwineza aliongeza mstari mmoja kwenye tangazo: "Tunakuja kulichukua nyumbani kwako na kulirudisha." Kisha akawaandikia wale wanne, kila mmoja kwa jina lake.

Kesho yake saa tatu asubuhi, kochi la kwanza liliingia kichochoroni. Lilikuwa la Karenzi, mwanajeshi mstaafu. Alilifuata nyuma kwa miguu, kana kwamba anamsindikiza mgonjwa.

"Mzee, ulitujulia wapi?" Uwineza aliuliza. Alikuwa ameamua kumuuliza hivyo kila mteja.

"Mke wangu aliona kiti chenu kwenye simu. Kibovu, halafu kizuri. Akasema, na letu lipelekwe."

Mchana likaja la pili. Alhamisi yakaja mawili. Ijumaa alikuja mwanamke aitwaye Mukeshimana, mwenye mgahawa kando ya ziwa. Alishika kiti cha Uwamariya, akakikandamiza, akakigeuza chini juu kutazama misumari.

"Nina viti ishirini na vinne," alisema. "Mnaweza?"

Faradji alimtazama Uwineza. Uwineza alikuwa tayari amechukua futi ya kupimia.

Wiki ilipoisha, Uwineza alihesabu. Watu tisa walileta kazi. Saba kati yao walitoka kwenye tangazo, na wawili waliambiwa na majirani. Alimwonyesha Uwamariya, naye akapiga makofi; wakaendelea kulilipia tangazo.

Jioni hiyo Faradji alimpigia Rugwiro. Alisimama mlangoni, mgongo wake kwa mke wake, lakini Uwineza alisikia kila neno.

"Ndugu yangu, asante sana. Lakini siji. Hapana, si mugonjwa. Iko kazi hapa." Alisikiliza kidogo, akacheka. "Iko kazi nyingi! Kama we unachoka huko, njoo unisaidie."

Alipoingia ndani, Uwineza alikuwa ameinama juu ya cherehani. Hakuinua uso mara moja. Alikuwa anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha viti vya mgahawa.

Wiki ya tatu karakana ilijaa. Makochi yalipangwa hadi chini ya dirisha la Ganza, naye akafanya kazi za shule akiwa ameketi juu ya kochi la mtu. Uwineza alipokea ujumbe mpya, akaanza kuandika "karibu sana", kisha akasita.

"Baba Ganza, huyu tukimwambia alete, tutamumalizia lini?"

Faradji alitazama foleni. "Wiki mbili. Labda tatu."

"Tangazo letu halisemi wiki tatu."

"Halisemi."

Walifikiri pamoja. Kisha Uwineza akaufuta ujumbe, akaandika ukweli: kazi ni nyingi, nafasi ipo baada ya wiki tatu, akitaka ataandikwa jina. Mteja akajibu kwamba atasubiri.

Halafu Uwineza alifungua tangazo, akatafuta kitufe cha kulisimamisha. Alimpa mume wake simu.

"We ndiye uliliwasha mara ya kwanza," alisema. "Lizime."

Faradji alibonyeza. Akarudisha simu, akachukua nyundo, akainamia kiti cha ishirini na moja cha mgahawa.